Lugha yaweza kunoa kumbukumbu, na pia kuificha

Kabla hatujaanza somo la leo, fanya jaribio dogo. Soma tarakimu hizi kwa sauti, moja baada ya nyingine: 7, 2, 9, 4, 1, 8, 3, 6. Sasa funika gazeti, vuta pumzi mara tano ukitazama dirishani, kisha uzitaje kwa mpangilio ule ule.

Ikiwa umezipata zote nane, hongera. Ikiwa ulikwama kwenye ya sita au ya saba, usiwe na wasiwasi. Uko pamoja na watu wengi duniani. Lakini lau ungalizaliwa Hong Kong na kuzisoma tarakimu hizo kwa Kikantoni, yamkini nane zingalikuwa mchezo tu, na labda ungaliweza kuongeza mbili zaidi.

Je, hii ina maana kwamba Wachina wana ubongo mkubwa kuliko wetu? La hasha. Sehemu kubwa ya siri imo katika lugha wanayoitumia tangu utotoni. Jambo hili si la kufurahisha baraza tu. Madaktari hutumia majaribio ya aina hii kuamua kama mzee ameanza kupoteza kumbukumbu, na walimu huyatumia kuamua kama mtoto ni mzito wa kushika masomo. Asiyejua namna lugha inavyoathiri kumbukumbu anaweza kumwita mgonjwa mtu ambaye ni mzima, au kumwita mjinga mtoto ambaye ana akili timamu.

Lugha mbili chini ya jina moja

Watu wengi husema "Kichina" kana kwamba ni lugha moja. Ukweli ni kwamba nchini China kuna lugha nyingi zilizo na uhusiano, na mtu wa moja huenda asielewe hata sentensi ya nyingine anapoisikia. Kubwa zaidi ni Kimandarini, ambacho ni lugha ya kwanza ya watu zaidi ya milioni 900 na ndicho lugha rasmi ya shule, serikali na redio. Kikantoni huzungumzwa kusini, katika mkoa wa Guangdong wenye mji mkuu wa Guangzhou, na pia Hong Kong na Macau. Wasemaji wake na wa lahaja zinazokaribiana nacho ni zaidi ya milioni 70.

Mazingira ya lugha katika sehemu hizo yamebadilika sana. Hong Kong ilikuwa chini ya Uingereza hadi Julai 1, 1997, ilipokabidhiwa China. Kikantoni kimebaki lugha ya nyumbani ya karibu watu tisa kati ya kumi mjini humo, lakini mtoto wa shule hujifunza Kiingereza na Kimandarini pia. Huko Guangzhou, Kimandarini kimeenea kutokana na shule na wahamiaji kutoka mikoa mingine. Mwaka wa 2010 wakazi wa mji huo waliandamana kupinga pendekezo la kuongeza matangazo ya Kimandarini katika televisheni ya huko. Leo ni kawaida kumkuta nyanya anayezungumza Kikantoni tu, mwanawe anayejua lugha zote mbili, na mjukuu anayejibu kwa Kimandarini.

Familia ya aina hii itatusaidia kuelewa somo letu, kwa sababu watu hao watatu wana damu moja, lakini lugha waliyoizoea si moja.

Ghala dogo la akili

Kumbukumbu si kitu kimoja. Kuna ile ya kudumu, inayohifadhi jina la mwalimu wako wa darasa la kwanza. Kuna pia ya muda mfupi, ambayo hushika nambari ya simu kwa sekunde chache mpaka umalize kuiandika. Hii ya pili ndiyo inayopimwa kwa tarakimu.

Mwaka wa 1956 mtaalamu wa Marekani, George Miller, aliandika kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hubeba takriban vitu saba, ukiongeza au kupunguza viwili. Kwa miaka mingi watu walidhani kwamba saba ni kikomo cha ubongo wa kila binadamu.

Kisha mwaka wa 1974 Waingereza wawili, Alan Baddeley na Graham Hitch, wakaeleza kwamba ghala hilo lina sehemu kadhaa, na kwamba moja kati yazo hufanya kazi kwa sauti. Unapojaribu kushika nambari, unaisema kimoyomoyo, unairudia, na kuirudia tena. Sauti hizo hufifia upesi zisiporudiwa. Mwaka wa 1975 Baddeley na wenzake walionyesha kwamba mtu huweza kukumbuka maneno kiasi anachoweza kuyatamka kwa muda wa sekunde mbili hivi. Maneno yakiwa marefu, anakumbuka machache. Yakiwa mafupi, anakumbuka mengi.

Mfano wa jikoni utatufaa. Mpishi ana sufuria kadhaa motoni, na ni lazima aikoroge kila moja kabla haijaungua. Ikiwa kukoroga kila sufuria huchukua muda mfupi, anaweza kuzihudumia nyingi. Ikiwa kila moja huchukua muda mrefu, akifika ya sita, ya kwanza imeshaungua. Mpishi ni yule yule na bidii ni ile ile, ila urefu wa kazi ndio umebadilika.

Tarakimu za silabi moja

Sasa tazama lugha. Kwa Kimandarini, moja hadi tano ni yi, er, san, si, wu. Kwa Kikantoni ni jat, ji, saam, sei, ng. Kila tarakimu, kuanzia sifuri hadi tisa, ni silabi moja tu katika lugha zote mbili, na nyingi hutamkwa kwa chini ya robo ya sekunde.

Linganisha na Kiswahili chetu: mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne, ta-no. Kila tarakimu kuanzia moja hadi tisa ina silabi mbili, na sifuri ina tatu. Zile tarakimu nane ulizozisoma hapo juu zina silabi 16 kwa Kiswahili. Kwa Kikantoni zina nane. Msomaji wa Hong Kong anamaliza mzunguko wake wa kwanza na kuanza wa pili wakati wewe bado uko njiani.

Hata mijini mwetu jambo hili linaonekana. Nambari ya simu ya mkono ina tarakimu kumi, na wengi wetu, hata tukiwa katikati ya mazungumzo ya Kiswahili, huitaja kwa Kiingereza. Mazoea yana nafasi yake, lakini pia ulimi hupenda njia ya mkato.

Mwaka wa 1988 wataalamu Rumjahn Hoosain na Farideh Salili wa Chuo Kikuu cha Hong Kong waliandika juu ya tofauti hizi. Wasemaji wa Kikantoni walishika kwa wastani karibu tarakimu 10. Wastani wa wasemaji wa Kiingereza ulikuwa kati ya 6 na 7, na wa Kiwelshi, lugha ya Wales nchini Uingereza, ulikuwa karibu 6.

Wales ilitoa fundisho kubwa. Watoto wanaozungumza Kiwelshi walikuwa wakipata alama za chini katika sehemu ya tarakimu ya majaribio ya akili. Mwaka wa 1980 Nick Ellis na mwenzake Hennelly waliwapima watu waliojua Kiwelshi na Kiingereza. Watu hao hao walishika tarakimu nyingi zaidi kwa Kiingereza kuliko kwa Kiwelshi, ingawa Kiwelshi ndicho walichokijua zaidi. Sababu ni kwamba tarakimu za Kiwelshi huchukua muda mrefu zaidi kutamka. Walipozuiwa kurudia tarakimu kimoyomoyo, tofauti ilitoweka. Kumbe watoto wa Wales hawakuwa na upungufu wowote. Kipimo ndicho kilichokuwa kinapima urefu wa maneno yao.

Si mbio za ulimi pekee

Je, jambo lote ni kasi ya kutamka? Kwa muda mrefu wengi walijibu ndiyo. Lakini sayansi haikuishia hapo.

Mwaka wa 2018 Sven Mattys, Baddeley huyo huyo, na Danijela Trenkic walichapisha utafiti juu ya wasemaji wa Kimandarini waliojua pia Kiingereza. Waliwapima kwa tarakimu na kwa maneno ya kawaida, katika lugha zote mbili, na pia wakapima kasi yao ya kutamka. Matokeo yalikuwa matatu. Kwanza, walipotumia lugha yao, Wachina hao waliwashinda Waingereza si kwa tarakimu tu bali hata kwa maneno. Pili, walipopimwa kwa Kiingereza, alama za wale wale zilishuka. Tatu, kasi ya kutamka peke yake haikutosha kueleza tofauti yote.

Shika hasa hilo la pili, msomaji. Mtu mmoja, akiwa na ubongo mmoja, siku moja, alipata alama mbili tofauti kwa sababu tu lugha ya jaribio ilibadilishwa.

Toni zinavyozoesha sikio

Jambo jingine linalotofautisha lugha hizi ni toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana ya neno. Kimandarini kina toni nne, pamoja na silabi nyepesi zisizo na toni kamili. Neno "ma" laweza kuwa mama, katani, farasi au kukemea, kutegemea toni. Kikantoni kina toni sita. Neno "si" laweza kuwa shairi, historia, kujaribu, wakati, soko au jambo. Mtoto wa Guangzhou asipotunza toni kichwani, haelewi anachoambiwa na mamake.

Wasemaji wa Kikikuyu au Dholuo hawatashangaa, kwa maana lugha zao pia zina toni. Ni Kiswahili ambacho hakina.

Mazoezi haya ya kila siku huacha alama. Mwaka wa 2013 Gavin Bidelman na wenzake waliwalinganisha wasemaji wa Kikantoni ambao hawakuwa wamesomea muziki, wasemaji wa Kiingereza wasiosomea muziki, na wanamuziki. Wasemaji wa Kikantoni waliwashinda wasemaji wa Kiingereza wasio wanamuziki katika kutofautisha sauti, kukumbuka muziki na hata katika jaribio la kumbukumbu ya kazi. Kuzungumza lugha ya toni kulikuwa kumewapa sehemu ya manufaa anayoyapata mtu kwa kujifunza ala ya muziki.

Kuna kipaji kingine adimu, cha mtu kusikia noti moja ya piano na kuitaja jina lake papo hapo bila kulinganisha na nyingine. Hiyo ni kumbukumbu ya sauti ya hali ya juu. Mwaka wa 2006 Diana Deutsch na wenzake walichapisha ulinganisho wa wanafunzi wa chuo kikuu cha muziki mjini Beijing, waliozungumza Kimandarini, na wale wa chuo cha Eastman mjini Rochester, Marekani, ambao hawakuzungumza lugha ya toni. Miongoni mwa walioanza muziki wakiwa na umri wa miaka minne au mitano, karibu asilimia 60 ya wale wa Beijing walikuwa na kipaji hicho. Kwa wale wa Marekani ilikuwa karibu asilimia 14.

Hapo mtu angesema, "Ni damu ya Kichina hiyo." Ndiyo sababu mwaka wa 2009 Deutsch na wenzake walitoa utafiti mwingine uliofanywa katika chuo kikuu kimoja cha California. Waliwagawanya wanafunzi wenye asili ya Asia Mashariki kulingana na ufasaha wao katika lugha ya toni. Waliokuwa fasaha walifanya vizuri sana. Wale ambao nyuso na majina yao yalikuwa ya Asia lakini lugha hawakuijua vizuri, hawakuwa mbali na wenzao Wazungu. Kwa hivyo lililofanya kazi hapo ni lugha iliyosikika nyumbani.

Mwaka mmoja tu wa utotoni

Lugha hiyo huanza kazi yake lini? Jibu moja lilipatikana mjini Montreal, Canada. Huko waliishi watoto waliozaliwa China, wakachukuliwa na familia zinazozungumza Kifaransa walipokuwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Tangu siku hiyo hawakusikia Kichina tena nyumbani. Walipofika umri wa kati ya miaka 9 na 17, hawakujua Kichina hata neno.

Lara Pierce, Fred Genesee na wenzao waliwapima kwa mashine ya kupiga picha za ubongo, huku wakiwasikilizisha sauti zenye toni za Kichina. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2014. Ubongo wa watoto hao uliitikia upande wa kushoto, ambako kwa kawaida lugha hushughulikiwa, sawasawa na ubongo wa watoto waliozungumza Kichina na Kifaransa. Watoto waliojua Kifaransa pekee hawakuitikia hivyo. Mwaka uliofuata watafiti hao wakaonyesha kwamba hata wakati watoto hao walipokuwa wakishika kichwani maneno ya kubuni yenye sauti za Kifaransa, ubongo wao ulitumia sehemu za ziada ambazo wenzao waliojua Kifaransa pekee hawakuzitumia.

Tafakari jambo hilo. Mtoto aliyesikia lugha kwa mwaka mmoja tu, kabla hajaweza kusema sentensi, ameibeba alama yake kwa miaka mingi bila kujua. Mzazi anayedhani kwamba kuongea na mtoto mchanga ni kupoteza wakati, na atafakari tena.

Lugha ya swali huchagua jibu

Mpaka hapa tumezungumzia tarakimu na sauti. Vipi kuhusu mambo ya maisha na elimu? Mwaka wa 2007 Viorica Marian na Margarita Kaushanskaya wa Marekani waliwauliza maswali watu waliojua Kimandarini na Kiingereza. Swali moja lilitaka wataje sanamu ya mtu aliyesimama, ameinua mkono, akitazama mbali. Walioulizwa kwa Kiingereza walielekea kutaja Sanamu ya Uhuru ya New York. Walioulizwa kwa Kimandarini walielekea kutaja sanamu ya Mao Zedong. Majibu yote mawili yamo vichwani mwao, ila lugha iliamua ni mlango upi ufunguke kwanza.

Hali kadhalika, katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2010, Qi Wang na wenzake waliwahoji watoto wa Hong Kong wa umri wa miaka 8 hadi 14. Waliohojiwa kwa Kiingereza walisimulia kumbukumbu zilizojikita zaidi katika nafsi zao kuliko waliohojiwa kwa Kichina.

Wataalamu hulieleza hivi: tukio huhifadhiwa pamoja na mazingira yake, ikiwemo lugha iliyozungumzwa wakati huo. Ukiirudisha lugha hiyo, umerudisha sehemu ya mazingira, na tukio hujitokeza kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana mtu aliyekaa mjini miaka 30 hukumbuka visa vya utotoni pindi tu anapoketi na wazee wa kwao na kuzungumza lugha ya kwao.

Hatari katika chumba cha daktari

Sasa turudi kwa ile familia ya Guangzhou. Mchukulie nyanya wa miaka 78 anayefikishwa kliniki na mjukuu wake kwa sababu amekuwa akisahau funguo. Daktari mgeni kutoka kaskazini anamuuliza kwa Kimandarini. Nyanya anaelewa nusu, anajibu polepole, na maneno matano aliyoambiwa ayashike yanampotea. Je, tuseme amepata maradhi ya Alzheimer? Huenda. Huenda pia kilichompotea ni lugha ya daktari, si akili yake. Bila kumpima kwa Kikantoni, hakuna ajuaye.

Majaribio mengi ya kumbukumbu yalitungwa katika nchi za Magharibi. Mojawapo linalotumika sana lilitungwa Montreal na kuchapishwa mwaka wa 2005. Lina alama 30, na ndani yake mgonjwa hutakiwa kurudia tarakimu tano, kisha tatu kwa kuzirudisha nyuma, na kukumbuka maneno matano baada ya dakika chache. Kutafsiri peke yake hakutoshi. Jaribio la Kiingereza humtaka mgonjwa ataje maneno yanayoanza kwa herufi fulani. Kichina hakiandikwi kwa herufi, hivyo swali kama hilo haliwezi kuhamishwa lilivyo. Tena, kurudia tarakimu tano ni kazi tofauti kwa lugha ya silabi moja na kwa lugha ya silabi mbili. Ndiyo sababu Hong Kong ilitengeneza toleo lake la Kikantoni, lililoripotiwa mwaka wa 2009 baada ya kujaribiwa kwa wagonjwa wa huko.

Kosa laweza kwenda upande wa pili pia. Ikiwa msemaji wa Kikantoni aliyekuwa akishika tarakimu kumi sasa anashika saba, kipimo cha Kiingereza kitasema yu mzima kabisa. Kwake yeye, kushuka huko kwaweza kuwa dalili ya mapema ya ugonjwa.

Lugha mbili uzeeni

Wengi huuliza kama kujua lugha mbili huzuia ugonjwa wa kusahau. Mwaka wa 2007 Ellen Bialystok na wenzake wa Toronto walichunguza kumbukumbu za wagonjwa 184, wakaona kwamba waliotumia lugha mbili maishani walianza kuonyesha dalili wakiwa wamechelewa kwa takriban miaka minne. Mwaka wa 2018 madaktari wa Guangzhou nao waliripoti kwamba wagonjwa wa Alzheimer waliozungumza Kikantoni na Kimandarini walianza kuugua wakiwa na umri mkubwa zaidi kuliko waliozungumza lugha moja pekee.

Hata hivyo, tusikimbilie kushangilia. Tafiti nyingine zilizowafuata wazee wazima kwa miaka mingi hazikuona manufaa hayo. Wenye lugha mbili mara nyingi hutofautiana na wengine kwa elimu, kazi na hata sababu za kuhama, na mambo hayo nayo huathiri ubongo. La uhakika ni kwamba lugha ya pili haimdhuru mtu, na kwamba haiponyi ugonjwa uliokwisha kuingia.

Maswali ambayo huenda unajiuliza

Je, nikijifunza Kimandarini ukubwani kumbukumbu yangu itapanda? Wakenya wengi wamejifunza lugha hiyo, hasa tangu Taasisi ya Confucius ilipofunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 2005. Kujifunza ni zoezi zuri la akili. Lakini tumeona kwamba hata Wachina walishika machache walipotumia lugha yao ya pili. Usitarajie kushika tarakimu kumi kwa Kimandarini kabla hakijakukaa ulimini.

Je, niache kuzungumza Kiswahili au lugha ya mama na mtoto wangu kwa vile tarakimu zetu ni ndefu? Hata kidogo. Kushika tarakimu ni sehemu ndogo mno ya akili, na urefu wa tarakimu haumpunguzii mtoto uwezo wa kufikiri. Watoto wa Montreal wametufundisha kwamba lugha ya mwanzo ni msingi ambao ubongo huujengea juu. Mtoto aweza kubeba lugha mbili au tatu, kama wale wa Hong Kong wanavyofanya.

Nifanye nini ili nikumbuke nambari ndefu? Igawe mafungu mafupi ya tarakimu mbili au tatu, itamke kwa lugha inayokujia kwa wepesi, na uirudie mara kadhaa kabla hujafanya jambo jingine.

Ushauri

1. Ukimpeleka mzee kupimwa kumbukumbu, mwambie daktari au muuguzi ni lugha gani mzee anaitumia nyumbani, alisoma hadi wapi, na kama anasikia na kuona vizuri. Omba apimwe kwa lugha hiyo.

2. Asiyejua lugha ya mzee atafute mkalimani. Jamaa akikalimani, asimsaidie mzee kujibu wala kumdokezea.

3. Mlinganishe mzee na alivyokuwa mwaka jana, si na jirani wa lugha nyingine. Mabadiliko ndiyo yanayopaswa kukutia shaka.

4. Kusahau jina la mtu na kulikumbuka baadaye ni kawaida ya uzee. Lakini mzee akipotea katika njia aliyoizoea, akiuliza swali lile lile mara nyingi kwa siku, akishindwa kuhesabu pesa alizokuwa akizihesabu, au akibadilika tabia, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Baadhi ya sababu, kama upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, huzuni kuu au dawa fulani, hutibika.

5. Mwalimu akikuambia kwamba mtoto wako hashiki masomo, uliza alipimwa kwa lugha gani na ameijua kwa muda gani. Kisha mpime wewe mwenyewe nyumbani: msimulie hadithi fupi kwa lugha anayoijua vizuri na umwambie airudie.

Na sasa, msomaji, rudia lile jaribio la mwanzo. Tumia tarakimu mpya: 5, 3, 8, 1, 6, 9, 2, 4. Zisome mara ya kwanza kwa Kiswahili. Kisha zipange upya na uzisome kwa Kiingereza, na mara ya tatu kwa lugha ya mamako. Andika umepata ngapi kila mara. Ukiona alama tatu tofauti, kumbuka kwamba kichwa kilichopimwa ni kile kile kimoja.